Ukungu ndani ya skrini ya detekta ya majini: nipake grisi au nibadilishe oringi?

Mtafutaji wa Paje: Habari zenu wakubwa. Niko Paje, Unguja, ambako natafuta pete na mikufu inayowapotea wageni wanapoogelea, na mwenyewe akipatikana humrudishia kwa bakshishi. Detekta yangu, yaani mashine ya kutafutia metali, inastahimili kina cha mita 3, nami sijawahi kuizamisha kupita kiunoni. Juzi, baada ya kuchimbua pete ya ndoa kwenye tope la mwani, niliona ukungu mwembamba kwenye kona ya skrini; kulipokucha ulikuwa umetoweka. Kwenye kifuniko cha betri nimekuta oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, imegubikwa na grisi iliyochanganyika na mchanga. Je, niifute, niipake mafuta ya mgando na kuendelea na kazi? Na je, kelele inazopiga kwenye mchanga uliolowa ni dalili kwamba maji yameingia?

Fundi Pampu: Kaka, toa betri kwanza na usiiwashe, kwa maana ukungu kutoweka si sawa na unyevu kutoka. Grisi haizuii maji. Kinachozuia maji ni oringi yenyewe inapobanwa kwenye mfereji wake, na grisi ni ya kuilainisha tu isijikunje wala kukatika, hivyo ukiipaka kwa wingi unaufugia mchanga. Ing'oe kwa kijiti cha meno, kamwe usitumie sindano, kisha ipitishe taratibu kati ya vidole viwili huku ukiivuta kidogo: ukiona nyufa, au upande mmoja umekuwa bapa, hiyo imekwisha. Mafuta ya mgando yaache, kwani yanatokana na mafuta ghafi na baadhi ya mipira huvimba yakiigusa. Oringi nyeusi za naitraili, aina ya mpira wa viwandani, hupatana na grisi ya silikoni, lakini ikiwa oringi yenyewe ni ya silikoni, grisi hiyo hiyo huivimbisha. Soma kijitabu cha mashine kabla ya kununua. Paka kiasi cha kuifanya ing'ae, basi.

Mzamiaji Mstaafu: Naongeza moja ambalo wengi hulisahau. Ukiiacha mashine juani ukisubiri bahari ikupwe, hewa iliyomo ndani hupata joto. Ukiitumbukiza baharini ghafla, hewa hiyo hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia upenyo wowote, hata uwe umesimama kwenye maji ya magotini. Ifunike kanga iliyoloweshwa. Ukimaliza kazi, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe kabisa, ndipo ufungue kifuniko.

Kelele ni jambo jingine. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine huyahesabu kama metali. Weka mpangilio wa ufukweni unaotumia masafa mengi ya mawimbi kwa pamoja, punguza wepesi wa kuhisi, na koili, ile sahani ya chini inayohisi metali, uipitishe sambamba na mchanga bila kuinyanyua mwishoni. Usizime ishara za vifunguzi vya makopo, ijapokuwa zinachosha, kwa sababu pete nyingi za dhahabu hulia na kuonyesha namba hizo hizo kwenye skrini.

Mtafutaji wa Paje: Ahsanteni sana. Nimeibadilisha oringi, nikaweka karatasi ya shashi mahali pa betri, nikaizamisha mashine ndani ya ndoo kwa nusu saa, na shashi imetoka kavu. Hata hivyo skrini imeota ukungu tena.

Fundi Pampu: Basi maji hayapiti kwenye betri. Kitazame kifuniko cha tundu la spika za masikioni, maana nacho kina oringi yake ndogo ambayo hakuna anayeikumbuka.

Mtafutaji wa Paje: Ni kweli, kaka. Oringi ni nzima, ila plastiki ya kifuniko ina ufa mwembamba kama unywele, ambao sikuuona mpaka nilipoumulika kwa tochi ya simu. Nimeagiza kingine. Bamvua ya mwezi mwandamo, maji yanapokupwa mbali kabisa, itanipita nikiwa nyumbani.