Mrejesho: Skii za theluji ya kila aina

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza skii zipi (zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kutelezea thelujini) zinafaa theluji ya kila namna, maana nilikuwa naenda kwa kaka Innsbruck, Austria, na huku Mbezi sina pa kuzijaribu. Mlioshauri skii zenye upana wa milimita 90 hivi pale chini ya buti mmenisaidia mno. Asubuhi theluji ikiwa imeganda, kingo za chuma zilikamata vizuri. Mchana ilipolainika ikawa nzito, ncha iliyoinuka ilielea bila kuzama. Za milimita 105 nilizokodi kwanza ni tamu kwenye theluji mpya, ila kwenye ngumu zinachelewa kugeuka. Na aliyesisitiza buti kwanza, ubarikiwe mkuu: buti likicheza mguuni, skii haikusikii kabisa. Nimeshanunua, nimeziacha kwa kaka.