Kompyuta ya zamani itabeba gemu la kujenga mji nikiongeza Mass Transit?

Mtu wa Maji:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua kompyuta na magemu, maana huku nilipo usingizi haupandi.

Nina HP EliteBook 840 G1, i5, ya mtumba lakini nzima. Nacheza Cities: Skylines, ile ya kwanza ya mwaka 2015. Kwa wasioijua: unachora barabara, unavuta maji na umeme, watu wanahamia, foleni zinaanza, lawama zote kwako. Mwaka mzima nimejenga Mwanza yangu kuanzia Capri Point mpaka Busisi, ina watu 58,000. Sasa nataka kuongeza Mass Transit, ile nyongeza yenye vivuko. Swali ni moja tu, mashine itabeba au nitaiua? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

Nawasilisha.

Sato Mbichi:
Mheshimiwa meya, ukimaliza huko tuletee lami na sisi wa Buhongwa. Vumbi la huku limefika mpaka kwenye mboga.

Fundi wa Nyakato:
RAM ngapi? Ile memori ya kufanyia kazi, si diski.

Baba Koku:
Umenikumbusha mbali. Binamu yangu alikuwa na kafe ya intaneti Bukoba, kompyuta sita, moja ina gemu la mpira. Tulikuwa tunapanga foleni kama ya kahawa. Siku moja umeme ukakatika, uliporudi ukarudi na hasira, zikaungua tano. Ikabaki ile ya mpira. Binamu akasema hii ni ishara, akafunga kafe akafungua banda la mpira. Mpaka leo anakula vizuri tu.

Mtu wa Maji:
Asanteni. RAM inatosha kwa matumizi ya kawaida. Mimi nauliza Mass Transit tu.

Fundi wa Nyakato:
Kijana, ukienda dukani kununua unga unasema nipe unaotosha? Taja namba.

Mtu wa Maji:
4GB. Ila msinirukie. Watengenezaji wenyewe mwaka 2015 waliandika 4GB ndio kiwango cha chini, kwa hiyo sijavunja sheria.

Fundi wa Nyakato:
Waliandika pia kwamba gemu haliungi mkono kadi ya picha ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Hapo ulipasoma au ulipita kwa baiskeli? Mashine yako ina hiyo hiyo, HD 4400. Haina memori yake, inamega kwenye 4GB yako. Windows nayo inachukua fungu lake. Kinachobaki hakitoshi, kwa hiyo gemu linamwaga mizigo kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka utaisikia inakwaruza kama panya kwenye gunia la mpunga.

Mass Transit yenyewe si mzigo mkubwa. Mzigo ni majengo ya kupakua kule Workshop, ghala la vitu walivyotengeneza wachezaji wenyewe, maana kila uliloliwasha linapanda kwenye RAM hata kama hujalijenga mjini. Unayo mangapi?

Mtu wa Maji:
Kama 300. Na modi, kile kiprogramu cha nyongeza, ya kufungua viwanja vyote 81 vya ramani, maana gemu linakupa 9 tu na ziwa langu halienei.

Fundi wa Nyakato:
Yesu na Maria.

Nyanza Gemaz:
Bro achana na hilo la kwanza, limezeeka. Chukua Cities: Skylines II, picha zake utalia.

Fundi wa Nyakato:
Atalia kweli. La pili lilitoka Oktoba 2023, lilitaka RAM 8GB na kadi ya picha ya GTX 970 kama kiwango cha chini kabisa. Mwenzako ana baiskeli wewe unamshauri afunge tairi la Scania.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, samahani mimi magemu siyajui. Kwa nini iwe kabla ya Jumamosi?

Mtu wa Maji:
Kuna mtu tumeahidiana dada.

Mama Wawili:
Mtu gani?

Mtu wa Maji:
Haya, niseme. RAM ya 8GB nimeshanunua juzi Makoroboi, 45,000. Kuna kijana anakuja kuifunga Jumamosi. Ndio maana nilisema suala la RAM tusilizungumzie, limeisha.

Fundi wa Nyakato:
Halijaisha. Soma kibandiko chake. PC3 au PC3L?

Mtu wa Maji:
PC3-12800S. Muuzaji alisema inaingia, na nimeilinganisha kwa macho na ya zamani, ukato uko pale pale.

Fundi wa Nyakato:
Ukato ni ule ule, umeme si ule ule. Hizo 840 G1 zina prosesa za kizazi cha nne, zinataka DDR3L, ndiyo hiyo PC3L, ya volti 1.35. Wewe umenunua ya 1.5. Ukiifunga taa zitawaka, feni itavuma, skrini itabaki nyeusi kama usiku wa dagaa. Irudishe, dai yenye herufi L. Mashine yako ina sloti mbili, ukipata mbili zinazolingana ndiyo bora zaidi, kadi ya picha inapata njia mbili za kuvuta.

Na usitegemee miujiza. Nyingi nilizofungua zina i5-4300U, kori mbili tu za 1.9GHz, na gemu hili hesabu za kila raia na kila gari zinapigwa na prosesa. RAM itazuia gemu lisianguke. Mbio haiongezi.

Mtu wa Maji:
Mbona jirani yangu kafunga isiyo na L na inapiga kazi?

Fundi wa Nyakato:
Yake kizazi cha ngapi?

Mtu wa Maji:
Sijui.

Sato Mbichi:
Majirani ndio wanaorudisha nyuma maendeleo ya nchi hii.

Dagaa wa Usiku:
Nimesoma kimya kimya tangu juu. Wakuu, hii ni CHAI, tena ya rangi, haina hata sukari.

Moja, watu 58,000 na majengo 300 kwenye 4GB yenye kadi ya Intel? Mji huo hata kufunguka haufunguki. Mbili, hata ukifungua viwanja vyote 81, ramani ya gemu hilo ni kilomita 17 na ushee kwa upande. Mimi ni mtu wa Sengerema, njia hiyo naijua kama kiganja changu. Kutoka Capri Point mpaka Busisi, hata ukinyoosha kamba juu ya maji, inazidi hapo. Umeipitisha wapi? Tatu, Busisi sasa hivi kuna daraja la kilomita 3 lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Mtu anajenga Busisi leo halafu anataka KIVUKO? Huyu hana kompyuta wala gemu. Anatafuta laiki.

Nyanza Gemaz:
Duh. Hesabu za kilomita kweli zimekaa.

Baba Koku:
Mimi nilihisi tangu aliposema usingizi haupandi.

Sato Mbichi:
Picha au kamba.

Mtu wa Maji:
Sawa. Ngoja niwaeleze.

Watu si 58,000. Ni 21,000. Niliongeza kwa sababu niliona aibu, watu humu wanaweka miji ya laki. Kufunguka inachukua karibu dakika ishirini, naiwasha halafu nasonga ugali. Capri Point ni mtaa tu nimeupa jina, si Capri Point yenyewe. Ramani ni Kigongo upande mmoja na Busisi upande wa pili, vilima nimevichora kwa mkono. Picha hiyo hapo, ndiyo yote ninayo.

Na kompyuta ipo. Nilikuwa na banda Kigongo pale kivukoni miaka saba. Kuchaji simu, kuweka nyimbo na muvi kwenye flashi. Ndiyo hii hii kompyuta. Abiria walikuwa wanashushwa kwenye mabasi waingie pantoni kwa miguu, kama MV Mwanza iko ng'ambo basi wanakaa pale wanaisubiri, simu zimeisha chaji. Sasa magari yanapita juu dakika nne, hakuna anayeshuka. Nimehamia Usagara, nabahatisha.

Dagaa wa Usiku:
Kwenye picha barabara inaishia majini.

Mtu wa Maji:
Ndiyo. Hapo ndipo pantoni inapotakiwa kufunga gati.

Dagaa wa Usiku:
Kwa hiyo unalilia pantoni? Kaka, dada yangu alishikwa na uchungu kwenye foleni hiyo saa nane usiku. Tulipiga honi mpaka betri ikalala. Wewe ulikuwa unauza chaji, sisi tulikuwa tunahesabu dakika. Lile daraja mimi nikilipita hata sasa nashusha kioo natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mtu wa Maji:
Sijasema daraja ni baya. Mama yangu mwenyewe anatibiwa Bugando, analipita. Nimeuliza kama kompyuta itabeba.

Baba Koku:
Lakini ndugu, kuwawekea watu nyimbo za wasanii bila kuwalipa nayo ni dhambi. Tuseme ukweli.

Sato Mbichi:
Baba Koku, binamu yako wa banda la mpira king'amuzi alikuwa analipia cha biashara?

Mama Wawili:
Hebu nyamazeni. Mdogo wangu, kwa hiyo kompyuta unayotaka kuifungua Jumamosi ndiyo hiyo hiyo inayokulisha mchana?

Mtu wa Maji:
Ndiyo dada.

Mama Wawili:
Na skrini ikibaki nyeusi kama fundi alivyosema, Jumatatu unafungua banda na nini?

Mtu wa Maji:
Ndiyo maana nilikuja kuuliza.

Mama Wawili:
Ulikuja kuuliza umeshanunua.

Nyanza Gemaz:
Mkuu mimi nimeicheza sana Mass Transit, ina vivuko, treni za reli moja, magari ya kamba, mpaka maputo. Ila kuna kitu hakuna aliyekuambia. Kivuko cha mle hakibebi magari. Kinabeba watu tu.

Mtu wa Maji:
Hata basi moja?

Nyanza Gemaz:
Hata bodaboda. Unajenga bohari ya vivuko, unachora njia majini, unaweka vituo, raia wanapanda kwa miguu wanashukia ng'ambo. Lori litazunguka nchi kavu au upige daraja.

Dagaa wa Usiku:
Kwa hiyo pantoni yako haipo hata huko.

Mtu wa Maji:
...

Sato Mbichi:
Meya kapotea.

Mtu wa Maji:
Nipo. Nilikuwa nahudumia mtu.

Watu wa miguu wananitosha. Wenye malori hawakuwahi kununua kitu kwangu, wana chaji zao ndani ya gari.

Fundi wa Nyakato:
Nisikilize. Zima hayo majengo 300, bakiza ishirini unayoyapenda. Hiyo modi ya viwanja 81 nayo izime, kama ni ziwa tu unalotaka kuliangalia, maji hata usipomiliki kiwanja yanaonekana. Faili la mji na kazi zako zote nakili kwenye diski ya nje KABLA hujagusa bisibisi. Mass Transit subiri bei ishuke, Steam, lile duka la magemu mtandaoni, hawaishi kupunguza. Na yule kijana wa Jumamosi mwambie asije. Pita kwangu kesho na hiyo RAM tukairudishe pamoja, pale Makoroboi wananijua. Njoo na risiti.

Mtu wa Maji:
Wabeja sana mzee. Risiti hakunipa.

Fundi wa Nyakato:
Njoo mapema basi, kabla hajapanga meza yake upya akajifanya hakujui.