Uliyefanya fildi ya kitabibu kijijini nchi ya watu, njoo tupeane uzoefu

Mzee wa Kanula: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko mwaka wa nne udaktari, ameomba kwenda fildi hospitali moja ya misheni vijijini Malawi. Kanionyesha mzigo wake: stethoskopu mpya, makoti meupe mawili, kamera. Nimecheka mpaka nikakohoa. Mimi enzi zangu nilipitia Zambia upande wa Mbala, na kitu kilichoniokoa ni tochi ya kichwani. Mliopita huko semeni, kijana anasoma hapa. Msimfiche.

Ngosha Mtulivu: Nimekaa pale, kahawa mkononi.

Binti wa Kyela: Mkuu umenitonesha kidonda. Mimi nilikuwa Karonga, ng'ambo tu ya mto Songwe. Nilichagua huko kwa uvivu, maana sisi Wanyakyusa tukivuka pale tunaelewana na Wangonde bila mkalimani. Mwanzoni raha kweli. Mgonjwa anakuja na kijitabu chake cha afya kakifunga kwenye nailoni, historia yake yote imo humo. Kwetu faili linapotea mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Ndugu wa wagonjwa wanapika nje kwenye kibanda chao, dagaa wa usipa wananukia mpaka wodini.

Sasa usiku mmoja wa mvua, umeme hakuna. Zamu alikuwa nesi mkunga mmoja, mama mtu mzima, na mimi. Akaletwa mama wa mimba ya sita kwenye ile baiskeli inayokokota machela. Kajifungua vizuri, mtoto kalia, kondo la nyuma limetoka, tumeligeuza na kulikagua, zima. Nikakaa nijaze kitabu. Nesi akanishika bega bila kusema kitu. Kutazama, damu imejaa kwenye mpira wa kitanda, inashuka sakafuni, sandali zangu zinateleza.

Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, alishachomwa mtoto alipotoka tu. Tukaongeza nyingine kwenye dripu. Lakini ile dawa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na friji lilikuwa limezima tangu juzi yake, kwa hiyo tulikuwa tunachoma huku tunaomba Mungu. Nesi akamwekea vidonge vya misoprosto, navyo vya kukaza mji wa mimba, chini ya ulimi. Mimi natafuta mshipa wa mkono wa pili niweke kanula kubwa, mshipa umenywea. Yeye anakanda tumbo, mji wa mimba umelegea kama mkate uliolowa chai. Tukapiga simu ya ambulensi, dereva anasema mto umejaa, hapiti mpaka maji yashuke.

Hapo mgonjwa akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Akasema, "Mtoto akibaki, mwambie mume wangu ampeleke kwa dada yangu Chilumba. Asimpeleke kwa mama mkwe." Jamani.

Nesi akavua saa yake akaiweka dirishani. Akavaa glovu ndefu zinazofika kwenye kiwiko, akaingiza ngumi ndani, mkono mwingine juu ya tumbo, akaubana mji wa mimba katikati. Kabana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipochoka nikampokea, nikichoka ananipokea, tochi nimeing'ata mdomoni, udenda unanitiririka kidevuni. Mikono ikafa ganzi. Halafu nikahisi mji wa mimba unakuwa mgumu chini ya kiganja. Nikaogopa kuamini. Nesi akapapasa, akasema, "Usiachie." Damu ikapungua, ikakata. Alfajiri maji yakashuka, wakampeleka hospitali ya wilaya, ndugu zake wawili wakatoa damu. Alipona.

Niliporudi chuoni mwalimu akauliza hatua za kuzuia damu baada ya kujifungua. Wenzangu wakazitaja zote kwa mpangilio, vizuri kabisa. Mimi nikaomba ruhusa nikatoka nje.

Ngosha Mtulivu: Kahawa imepoa.

Nesi wa Zamu: Kila simulizi ya daktari wa kijijini ukiichimba unamkuta nesi ndani. Mungu amtunze huyo mama.

Dokta Panga: Hiyo cha mtoto. Mimi nilikuwa Sudan Kusini, mwaka wa tatu. Daktari kasafiri, mama kakwama na pacha, nje risasi zinalia. Nikachoma ketamini ya usingizi mwenyewe, nikapasua mwenyewe, nikatoa watoto wawili, nikashona. Mwanga wa simu. Wote wazima mpaka leo.

Kajamba Nani: Chai. Na tangawizi imezidi.

Dokta Panga: Hukuwepo, kaa kimya.

Kajamba Nani: Umechoma ketamini, umepasua, umeshona. Simu kaishika nani? Na watoto kawapokea nani?

Dokta Panga: Mlinzi.

Ngosha Mtulivu: 😂😂😂 Naongeza kahawa.

Tabibu wa Kijiji: Tusicheke tu. Upasuaji wa uzazi kufanywa na asiye na digrii ya udaktari si kioja. Malawi matabibu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo kwenye hospitali za wilaya. Msumbiji walianza kufundisha mafundi wa upasuaji tangu miaka ya 1980, na hapa kwetu madaktari wasaidizi wamepasua miaka nenda rudi. Ila hao WAMEFUNDISHWA kazi hiyo na kusimamiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuvuka mpaka hakumpi leseni. Kama nyumbani wangekufukuza leba, na huko ufukuzwe.

Dokta Panga: Kwa hiyo ningemwacha afe ili wewe ufurahi?

Tabibu wa Kijiji: Sijasema hivyo. Nasema usilitangaze kama sifa, kuna mtoto wa watu anasoma hapa kesho akajaribu. Zahanati niliyokuwepo tuliletewa wanafunzi kutoka Ulaya, kijana mwaka wa pili kwao hata kutoa damu haruhusiwi, kwetu anataka kushona kila kidonda na picha apigwe. Mtoto analia, yeye anatafuta mwanga mzuri wa picha.

Kajamba Nani: Na ninyi mkamwachia?

Tabibu wa Kijiji: Nilimnyang'anya sindano. Mkubwa wangu akanigombeza, eti ni mgeni, amekuja na maboksi ya glovu.

Nesi wa Zamu: Hapo pa maboksi ya glovu ndipo penye ugonjwa wote.

Wa Kakamega: Mimi nilisomea Cuba, na sina kisa cha damu, poleni. Kule kijijini kliniki iko chini, daktari anaishi juu yake, na nesi wake yuko karibu. Mpango huo waliuanza 1984. Asubuhi unaona wagonjwa, baada ya chakula unatoka na nesi nyumba kwa nyumba, unauliza presha, unafunua mapipa ya maji kutafuta viluwiluwi vya mbu wa dengue. Dawa leo ziko, kesho hakuna. Kilichonichosha ni kwamba kijiji kizima kinajua unapolala. Nyanya mmoja alinigongea usiku, nikashuka mbio na mashine ya presha. Si mgonjwa. Ameniletea kahawa, sukari nusu kikombe, akakaa kunisimulia habari za mwanawe aliyepigana Angola. Nilimpima presha hata hivyo. Ilikuwa juu.

Mzee wa Kanula: Asanteni. Sasa ushauri, kijana abebe nini?

Nesi wa Zamu: Aanze chanjo ya homa ya ini B leo. Ni dozi 3 na zinachukua miezi 6, asisubiri wiki ya safari. Akijichoma sindano, dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, azimeze siku 28. Abebe zake.

Tabibu wa Kijiji: Asibebe kiholela, mpakani watamuuliza cheti. Aulize kituo kabla hajaondoka kama wanazo.

Nesi wa Zamu: Wataandika wanazo. Akifika kabati limefungwa na mwenye ufunguo yuko semina.

Kajamba Nani: Malaria anywe mchaichai tu, bibi yangu ana miaka 90.

Binti wa Kyela: Kajamba usiue mtoto wa watu. Chandarua na dawa ya kinga. Na koti jeupe abebe moja, aliache chumbani, watoto wakiliona wanajua sindano imekuja.

Ngosha Mtulivu: Abebe chumvi, viatu vya mvua na uvumilivu. Mke atampata huko huko.

Kajamba Nani: Dokta Panga usikimbie. Huyo mlinzi alijuaje kupokea pacha?

Dokta Panga: Ana watoto tisa, na mkewe kajifungulia wote nyumbani. Alijua kuliko mimi.