VNC inasoma HU 16 kwenye adrenali: niandike nini?

Mwanga_Kanda: Wakuu, naomba msaada wa haraka. CT ya tumbo kwa nishati mbili, nimekuta kinundu cha mm 22 adrenali (tezi iliyo juu ya figo) ya kushoto. Picha kavu, yaani za kabla ya dawa ya sindano, hatukupiga, tunategemea VNC, yaani mashine iondoe iodini ya hiyo dawa kwa hesabu. Inasoma HU 16 (HU ni kipimo cha jinsi tishu inavyozuia miale). Adenoma yenye mafuta, uvimbe usio saratani, haitakiwi kuzidi 10. Niandike si adenoma?

Dokta_Figo: VNC mimi naipinga kwenye mawe ya figo. Kalisi nayo hupunguzwa pamoja na iodini, ndiyo maana vijiwe vya chini ya mm 3 hupotea. Mgonjwa wa mawe mpigeni CT kavu, mionzi midogo inatosha.

Kolimeta: Kaulizia adrenali, mkuu. Mwanga, taja awamu (muda tangu dawa iingie), kV (nguvu ya miale ya kila tyubu), uzito, na kwa nini alipigwa.

Mwanga_Kanda: Awamu ya ateri, sekunde 35. Tyubu moja 80, nyingine 140 yenye chujio la bati. Kilo 112.

Kolimeta: La nne umeliruka.

Mwanga_Kanda: Alitolewa titi kwa saratani. Sikuandika kwa sababu nauliza habari ya mashine. Daktari wake nimeshamwambia kwa simu kwamba inaelekea imesambaa. 16 imezidi 10, hapo nimekosea nini?

Bi_Eksirei: Umekosea kuipa VNC mpaka uliowekwa kwa picha kavu. Kwenye adenoma VNC ina tabia ya kusoma juu. Mara nyingi tofauti iko ndani ya HU 10, ikifika 15 usishangae. Ikisoma chini ya 10 inakusaidia. Ikisoma 16 haijakuambia kitu. Halafu kilo 112 kwa 80 kV! Miale haipenyi, picha inajaa chengachenga, hesabu inayumba. Mwili mkubwa mwekee 100 na 140 ya bati. Sasa pima aota, mshipa mkuu wa damu, kwenye VNC hiyohiyo. Damu bila dawa huwa kwenye 40 hivi.

Mwanga_Kanda: Aota inasoma 61.

Bi_Eksirei: Basi iodini haijatoka yote.

Sinogramu: Samahanini, uzi huu nautilia shaka. Juzi kwenye uzi mwingine Mwanga aliandika kwamba ramani yake ya iodini (rangi inayoonyesha iodini ilipo) inafika hadi kwenye ngozi. Mashine ya tyubu mbili haiwezi: tyubu ya pili huona duara la sm 33 au 35 tu, na 26 kwa zile za kwanza. Kilo 112 hazienei humo. Huu ni mtihani wa darasani?

Mwanga_Kanda: Si mtihani. Ile ni picha iliyochanganywa. Rangi inaishia kwenye duara, nje yake ni kijivu cha tyubu moja. Adrenali iko ndani.

Sinogramu: Hapo sawa, naondoa neno langu.

Dokta_Figo: Kwa nini asipime asilimia ya dawa inayotoka kwenye kinundu, akaweka VNC mahali pa picha kavu?

Kolimeta: Hapo ndipo pa hatari. Chukua kinundu kisome 100 awamu ya vena, dakika ya 15 iwe 55, kavu ya kweli 20: imetoka 45 kati ya 80 iliyoingia, asilimia 56. Weka VNC ya 30: 45 kwa 70, asilimia 64. Mpaka wa adenoma ni asilimia 60 kwenda juu, umeshakiita adenoma kimakosa. Na huyu ana historia ya saratani.

Mwanga_Kanda: Lakini mama katoka mbali, nauli yenyewe kakopa.

Bi_Eksirei: Ndiyo maana usimpe jibu la kubahatisha. CT kavu ya adrenali tu, 120 kV, slaisi za mm 3, duara la kupimia lichukue theluthi mbili ya kinundu bila kugusa kingo. Dakika chache, sindano hakuna. Ikivuka 10, mpe dawa palepale kitandani, piga sekunde 70 na dakika ya 15. Tafuta na CT zake za zamani: kinundu kilichokuwepo kabla ya upasuaji na hakijakua kina maana yake. Daktari umempigia tena?

Mwanga_Kanda: Nampigia sasa. Mama yuko kwa dada yake hadi Jumatatu.