Naomba ushauri: kumpeleka mama Beaune wakati wa mnada wa mvinyo

Ndugu wanajamvi, natumaini hamjambo. Mwezi Novemba natarajia kumpeleka mama yangu Beaune, mji mdogo wa mvinyo katika eneo la Burgundy nchini Ufaransa. Shauku yake ni kuiona Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin na mkewe, yenye paa la vigae vya rangi vinavyong'aa. Picha ya paa hilo ameibandika jikoni kando ya kabati la vyombo, na kila mgeni huonyeshwa. Bila kujua, nilikata tiketi zinazoangukia Jumapili ya tatu ya mwezi huo, siku ya mnada maarufu wa mvinyo, na nyumba tatu za wageni nilizoziandikia zimejibu kwamba zimejaa. Nimefikiria tulale Dijon na kwenda kwa treni, safari isiyofika nusu saa, lakini mama anatembea kwa mkongojo na msongamano unanitia hofu.

Kwa aliyewahi kufika, je, twende siku hiyohiyo ya mnada au tungoje katikati ya wiki? Na kwa kuwa mama hanywi pombe, je, mashamba ya mizabibu hupokea wageni wasioonja mvinyo? Natanguliza shukrani.