Msaada: Reading ya IELTS inanishinda, zimebaki siku 19

Mama_Zamu
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni muuguzi, miaka 31, nipo Mwanza. Natafuta njia ya kwenda kufanya kazi Uingereza na nina mtihani wa Kiingereza, IELTS, baada ya siku 19. Kusikiliza naweza, kuongea sijambo. Kusoma ndiko kunanitoa jasho. Jana nimetoka zamu ya usiku nikajipima nyumbani: maswali 40, dakika 60. Nimepata 19. Kifungu cha tatu sikukigusa, muda ulikata bado nabishana na cha pili, kinahusu nyuki. Naombeni mbinu ya kusoma haraka. Matusi hapana.

Mzee_Kahawa
Mwanangu, sisi Kiingereza tulijifunza kwa magazeti ya kufungia maandazi. Unakula andazi, unasoma habari yenye mafuta, mwisho wake umechanika, unaumalizia mwenyewe kichwani. Nyie mnasoma vichwa vya habari kwenye simu halafu mnashangaa. Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa na fimbo ya mpera...

Kishoka_Mpole
Mzee rudi kwenye mada. Dada, ukifika huko tukumbuke hata kwa koti.

Nimepita_Mara2
Dada, haraka siyo tatizo lako. Unasoma neno kwa neno kama barua ya mchumba. Anza na maswali, ndipo uingie kwenye kifungu ukijua unawinda nini. Vifungu ni 3 na cha mwisho ndicho kigumu, kwa hiyo usitumie dakika 20 nzima kwenye cha kwanza. Na kama unafanyia kwenye karatasi, Reading haina muda wa ziada wa kuhamisha majibu. Andika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu. Kukosea hakupunguzi alama, usiache hata pengo moja.

Kinachoua wengi ni maswali ya kuchagua True, False au "Not Given", yaani haijatajwa. Kifungu kinasema mzee Juma ana ng'ombe 40. Swali linasema ana ng'ombe wengi kuliko jirani yake. Ng'ombe wa jirani hawajatajwa popote, basi jibu ni Not Given. Ukiandika False, umeshaenda zizini kwa jirani kumhesabia.

Umejiandikisha aina ipi ya mtihani, Academic au General?

Mama_Zamu
Asante sana mkuu, hiyo ya ng'ombe imeniingia. Je, nikisoma sentensi ya kwanza ya kila aya inatosha?

Nimepita_Mara2
Inasaidia kwenye maswali ya vichwa vya aya, siyo kila mahali. Hujajibu swali langu.

Chapati_Ngumu
Jibu swali la mkuu.

Mama_Zamu
General. Aliyenisaidia kujaza fomu alisema ndiyo rahisi. Dada yake aliondoka kwa hiyohiyo.

Nimepita_Mara2
Dada yake alikwenda wapi?

Mama_Zamu
Kanada.

Nimepita_Mara2
Basi hapo ndipo penye shida. NMC, wanaosajili wauguzi Uingereza, wanataka Academic: daraja la 7 kwenye Reading, Listening na Speaking, 6.5 kwenye Writing. Listening na Speaking ni zilezile kwa wote, lakini Reading na Writing ni mitihani tofauti. Na huo "urahisi" ni wa macho tu: ukipata 30 kati ya 40 kwenye Academic unakaribia 7, kwenye General 30 hiyohiyo ni kama 6.

Mama_Zamu
Mkuu, nimeshalipa. Hela ni ya kikoba. Na matroni nimeshamwambia naacha kazi mwisho wa mwezi. Nikipata alama nzuri si watanielewa? Kiingereza ni kilekile.

Chapati_Ngumu
UMEACHA KAZI???

Jicho_la_Tatu
Wakuu, hii ni chai, na sukari imezidi. Huyuhuyu mwezi Machi alileta uzi wa vifaranga 200, akasema yupo Kahama ana duka la dawa. Leo muuguzi Mwanza. Subirini, ukurasa unaofuata atatokea mtu na namba ya WhatsApp ya "kituo cha IELTS".

Kishoka_Mpole
Nimeshavuta kiti. Weka picha ya risiti, jina ufiche.

Mama_Zamu
Duka ni la mume wangu, liko Kahama, wikiendi nakuwa huko. Muuguzi haruhusiwi kufuga? Na hao vifaranga walikufa wote.

Mzee_Kahawa
Pole mwanangu. Uliwapa chanjo ya kideri?

Jicho_la_Tatu
Mzee naye!

Mzee_Kahawa
Mie wangu 60 walikwenda kwa wiki moja. Wanapinda shingo, wanahara kijani. Nimeuliza tu.

Nimepita_Mara2
Chai au siyo chai, kuna wengine wanasoma hapa. Dada, kesho asubuhi piga simu kituo cha mtihani uulize kama wanakubali kukuhamishia Academic au kukurudishia chochote. Halafu nenda kwa matroni ukaiombe kazi yako kabla hajaweka mtu. Siku 19 hazitoshi kutoka 19 kwenda 30 ukiwa zamu za usiku, nakwambia kwa sababu mara ya kwanza nilijidanganya hivyohivyo.

Mama_Zamu
Matroni ndiye aliyenijazia fomu.

Chapati_Ngumu
Eeh!

Mama_Zamu
Nimepiga kituo mara mbili, hawapokei. Naingia zamu. Mzee, ndiyo, ni kideri.