Naombeni ushauri: wapi Mbeya mjini wanafundisha dansi kwa mtu mzima anayeanza sifuri?

MzeeWaRanda: Wakuu, poleni na baridi. Nina miaka 51, fundi seremala, nakaa Sae. Natafuta pa kujifunzia dansi, ila pawe pa watu wazima tusiojua kitu. Nimeulizia jimu mbili. Ukitaja dansi wanakuingiza kwenye erobiki ya alfajiri, na goti langu la kulia halitaki kuruka. Nina wiki tano.

Malafyale: Mafunzo ya nini mzee? Kwetu Kyela ing'oma ikilia na una miguu miwili, umeshahitimu.

NyanyaMbichi: Shikamoo mzee. Dansi ipi? Kwaito ya ukumbini, salsa, rhumba? Na wiki tano za nini?

MzeeWaRanda: Marahaba. Ile ya kushikana, ya taratibu. Kuna shughuli.

BodaKabwe: "Shughuli" hahaha. Mzee kapata mtoto wa chuo.

MtumishiMwema: Kwa umri huo ungejiunga na kwaya. Kushikana shikana ndiko kunakovunja ndoa.

NyanyaMbichi: Shughuli gani mzee? Funguka.

MzeeWaRanda: Sendofu ya binti yangu. Nafungua muziki na mama yake. Tuliachana miaka tisa iliyopita, anakuja kutoka Dodoma na mume wake. MC nimeshamwambia atutangaze wawili tu, na viatu vya soli ya ngozi nimeshanunua Mwanjelwa. Kwa hiyo habari ya "usicheze" imeshapita.

TrektaLaUyole: Hiyo si dansi, ni vita. Mimi harusi ya mdogo wangu, Makambako, nilikanyaga shela la bibi harusi likachanika mpaka kiunoni. Hilo jina langu humu ndilo analoniita shemeji mpaka leo. Cheza na binti, mama mwachie mwenyewe.

MzeeWaRanda: Binti ni wimbo wa pili. Enzi zile tukienda ukumbini mzazi mwenzangu alikuwa anacheza na watu, mimi nimekaa na soda nalinda mikoba. Safari hii silindi.

Mpelelezi: Chai. Mwaka jana kulikuwa na uzi kama huu, mleta mada alikuwa dereva wa Tunduma. Sendofu hiyo hiyo, mtalaka huyo huyo. Leo kashuka kwenye lori kashika randa.

BodaKabwe: Tukuyu wanachuma majani, huku wanachemsha.

NyanyaMbichi: Chai au si chai, mwenye kujifunza ajifunze. Mzee, anza na bachata, ya Jamhuri ya Dominika. Mwanaume anaanza na mguu wa kushoto: hatua tatu kushoto, ya nne unagusa kwa ncha ya kiatu. Kisha tatu kulia, unagusa. Hakuna kuruka.

Malafyale: Rhumba ya Kongo imeingia UNESCO tangu 2021, wewe unampeleka mzee Dominika?

Mpelelezi: Tunataka picha ya viatu.

MzeeWaRanda: Kamera ya simu imejaa vumbi la mbao. Nimechora mistari ya chaki sakafuni hapa karakana. Kijana wangu wa kazi kakubali kushikwa mkono, kiuno kakataa. Binti NyanyaMbichi, ile ya nne nikishagusa, uzito unabaki mguu gani? Maana nikikanyaga kabisa nashindwa kurudi.